Tuliamriwa Kusikiliza, Hatukufundishwa



Muhula uliopita nilifanya jaribio dogo katika ukumbi wa mihadhara. Nilizungumza kwa dakika 15 kwa Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya kufundishia hapa chuoni, bila kuandika neno ubaoni wala kuonesha slaidi. Kisha niliwaomba wanafunzi waandike hoja kuu tatu nilizozitoa. Nilipozisoma karatasi zao nilikuta wengi wameandika, kwa mwandiko mzuri na sarufi isiyo mbaya, mambo ambayo sikuyasema. Walikuwa wamedaka maneno mawili matatu wanayoyafahamu, wakayaunganisha na yale waliyoyasoma vitabuni, wakatunga mhadhara wao wenyewe. Wengine waliuchukua mfano nilioutoa kwa utani wakaufanya hoja ya kwanza. Hawa si vijana wazembe. Wamefaulu mitihani migumu hadi kufika hapa. Lakini nilipowauliza, kabla ya kukusanya karatasi, kama wamenielewa, ukumbi mzima uliitikia kuwa wameelewa.

Kiitikio hicho nakifahamu vyema, kwa kuwa nami nilikuwa miongoni mwa waitikiaji. Nilimaliza darasa la saba nikiwa nimesoma masomo yote kwa Kiswahili, isipokuwa Kiingereza chenyewe. Nilipoingia kidato cha kwanza, lugha ya darasani ilibadilika siku ile ile ya kwanza. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa akizungumza kwa kipindi kizima, kisha anamaliza kwa swali lake la kila siku: “Is it clear?” Nasi tulijibu “Yes, sir!” kwa sauti ya kutikisa mabati. Siku moja alitangaza kwa mdomo kwamba jaribio la Ijumaa limesogezwa nyuma hadi Jumatano. Mwenzangu wa dawati aliitikia kwa nguvu kuliko sisi wote. Jumatano ilipofika alikuja bila kujiandaa na hata bila kalamu. Alipata sifuri, akachapwa, na tangu siku hiyo akaitwa mvivu. Kwa hesabu alikuwa ananizidi mbali, lakini hakumaliza kidato cha pili.

Kwa miaka mingi nilidhani tatizo la mwenzangu lilikuwa Kiingereza kwa ujumla. Leo, baada ya kufundisha kwa muda mrefu, naona kuwa jibu hilo ni pana mno. Yule kijana aliweza kusoma sentensi ile ile ikiandikwa ubaoni. Alichoshindwa ni kuitambua ilipopita hewani. Stadi za lugha tunazozitaja katika kila muhtasari ni nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Kusikiliza hutajwa kwanza, na katika historia ya shule zetu ndiyo stadi iliyofundishwa kidogo kuliko zote. Makala hii inajaribu kueleza ilikuwaje tukafika hapo, na kwa nini jambo hili si la walimu wa lugha peke yao.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili, mtoto asiyetii huambiwa hasikii, na methali inamwonya kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kusikia kwetu kumefungamana na utii. Sina ugomvi na methali hiyo, lakini shule ya kikoloni ilipokuja iliukuta mlango huo wazi ikaingia. Kusikiliza darasani kukawa suala la nidhamu: kaa wima, nyamaza, mtazame mwalimu. Aliyefanya hivyo alihesabiwa kuwa amesikiliza. Hakuna aliyeuliza ni nini hasa kilichoingia katika masikio yake.

Si kwamba wataalamu wa zama hizo hawakuwa na mawazo mengine. Mwingereza Harold Palmer, aliyefundisha London kabla ya kwenda Japani mwaka 1922 kuwa mshauri wa wizara ya elimu kuhusu ufundishaji wa Kiingereza, alishikilia kuwa mwanafunzi anahitaji kipindi cha kusikia tu kabla ya kudaiwa kusema. Mwaka 1925, pamoja na binti yake Dorothée, alitoa kitabu cha mazoezi ambamo mwanafunzi husikia agizo na kulitekeleza kwa vitendo: simama, fungua mlango, chukua kitabu, mpe mwenzako. Utekelezaji ndio uliokuwa ushahidi kwamba amesikia. Miaka 40 na zaidi baadaye, Mmarekani James Asher aliijengea mbinu ya namna hiyo majaribio ya kisaikolojia, nayo ikapata jina jipya na umaarufu mpya.

Lakini katika miaka ile ile ya Palmer, hoja nyingine ilikuwa ikijengwa Bengal, katika India ya Waingereza. Michael West, aliyekuwa akifundisha walimu huko Dhaka, alichapisha mwaka 1926 kitabu chake kuhusu elimu ya lugha mbili. Alisema kuwa watoto wengi wa Bengal huacha shule mapema, na kitu cha pekee ambacho Kiingereza kinaweza kuwapa kabla hawajaondoka ni uwezo wa kusoma. Basi wafundishwe kusoma kwanza. Hoja yake ilikuwa na huruma na pia hesabu: kitabu ni rahisi, hakimhitaji mwalimu mwenye ufasaha mkubwa, na kinaweza kwenda nyumbani na mtoto. Vitabu vyake vya kusomea vilienea katika makoloni mengi. Kosa halikuwa la West peke yake, kwani yeye alieleza wazi alikuwa akiwalenga watoto gani. Kosa lilikuwa la wale waliochukua dawa iliyoandikwa kwa ajili ya anayeacha shule mapema, wakampa mtoto ambaye kesho atatakiwa kusomea sayansi na historia kwa lugha ile ile, kwa kumsikiliza mwalimu kutwa nzima.

Januari 1961, Chuo cha Makerere kilikuwa mwenyeji wa mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Msomaji asiuchanganye na mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika hapo hapo mwaka uliofuata. Mkutano wa 1961 haukupata umaarufu wa ule wa waandishi, lakini athari yake katika madarasa yetu huenda ni kubwa zaidi. Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu ubeberu wa lugha, alizichambua imani tano zilizotiwa nguvu Makerere: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza peke yake, kwamba mwalimu bora ni yule aliyezaliwa nacho, kwamba kukianza mapema ni bora, kwamba kadiri kinavyotumika zaidi ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri, na kwamba lugha nyingine zikitumika sana, viwango vitashuka.

Imani hizo zimejadiliwa sana kwa upande wa siasa. Mimi nataka kuzitazama kwa upande wa sikio. Imani ya nne inadai kuwa mtoto akimwagiwa Kiingereza cha kutosha ataloa. Lakini sikio si sifongo. Kiswahili kina irabu tano, na kila irabu hutamkwa kwa ukamilifu wake. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo msikilizaji hupewa ishara kuwa neno linakaribia kuisha. Mzungumzaji wa Kiingereza hufanya kinyume: huikazia silabi moja na kuzimeza nyingine, na maneno madogo yanayobeba uhusiano wa mawazo ndiyo yanayomezwa zaidi. Mtoto aliyelijua neno “comfortable” kwa macho, akalihesabia silabi nne, atalisikia likitamkwa kwa silabi tatu na kudhani ni neno jipya. Wakati anajiuliza, sentensi tatu zimekwisha kupita. Anayesoma anaweza kurudi nyuma, lakini msikilizaji huenda kwa mwendo wa msemaji. Kumwagiwa maneno zaidi hakumsaidii mtoto wa namna hiyo. Anahitaji mtu wa kusimamisha mkondo, kurudia kipande kilichomponyoka, na kumwonesha mpaka kati ya neno na neno.

Jambo linalonishangaza ni kwamba sisi wenyewe tuliwahi kujua namna ya kusikiliza kwa utaratibu, tena kwa kiwango cha taifa. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Watu takriban milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya usikilizaji, vijijini na mijini, kwa wiki 12. Kwa wengi wao, hasa wazee wa vijijini, Kiswahili kilikuwa lugha ya pili. Hebu tazameni utaratibu uliofuatwa. Kiongozi wa kikundi alipewa mafunzo kabla. Mada ilitangulizwa ili watu wajue wanakwenda kusikia nini. Kipindi kilisikilizwa kwa pamoja. Kilipokwisha walijadili walichosikia, aliyeelewa akimfafanulia asiyeelewa, na kijitabu kikisomwa kwa sauti. Kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Vitabu vya ualimu vya leo humfundisha mwalimu agawe somo la kusikiliza katika hatua tatu: kabla, wakati na baada. Bibi zetu walizipitia hatua hizo chini ya miembe, na kipimo chao cha ufahamu kilikuwa choo kilichochimbwa.

Muongo mmoja baadaye, majirani zetu wa Kenya walilipeleka jambo hilo darasani. Tangu tume ya elimu iliyoongozwa na Gachathi mwaka 1976, mwongozo ulikuwa kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika madarasa matatu ya mwanzo, huku Kiingereza kikiwa somo tu, kisha aingie katika Kiingereza darasa la nne. Swali lilikuwa moja: je, miaka mitatu inatosha kuliandaa sikio? Taasisi ya Elimu ya Kenya, ikishirikiana na wanaisimu kutoka Marekani na kwa fedha za shirika la misaada la nchi hiyo, ilianzisha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio. Mfano wake ulitoka Nikaragua, ambako redio ilikuwa imetumika katika miaka ya 1970 kufundisha hisabati. Vipindi vya darasa la kwanza vilianza mwaka 1982, vya darasa la pili vikafuata 1983, na vya darasa la tatu 1984.

Kila siku ya shule, kwa nusu saa, redio iliyokaa mezani ilizungumza na watoto. Haikuwahutubia. Iliuliza, ikanyamaza kwa sekunde chache, watoto wakajibu, kisha ikatoa jibu sahihi ili kila mmoja ajisahihishe. Iliagiza waguse dirisha, wasimame, waoneshe kitu kwa kidole, waimbe. Katika kipindi kimoja mtoto aliitika mara nyingi sana, na kila mwitiko ulikuwa ushahidi wa kilichosikika. Mwalimu alibaki darasani, akiwaangalia wasioitika na kuwasaidia. Tathmini ya mradi, iliyochapishwa mwaka 1986, ilionesha kuwa watoto wa shule za redio waliwazidi wenzao wa shule za kawaida, hususan katika kusikiliza na kusoma. Narudia: na kusoma. Sikio lililofunguliwa lilisaidia hata jicho.

Baada ya hapo ilikuwaje? Mwaka 1985 Kenya iliingia katika mfumo wa 8-4-4 na mihtasari ikabadilishwa. Fedha za mradi zilifika ukingoni. Vipindi havikupata kuwa somo la kila siku katika kila shule ya nchi. Vilisafiri kwenda kusini: Lesotho ilivichukua na kuvirekebisha, na katika miaka ya 1990 Afrika Kusini nayo ikavijengea mradi wake. Chombo kilichotengenezwa Nairobi kilitunzwa zaidi na wageni.

Huku Tanzania, miaka hiyo hiyo, tulikuwa tukibishana juu ya lugha yenyewe. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakakuta kuwa ni sehemu ndogo tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliofikia hata kiwango cha kuanzia kusoma kwa lugha hiyo. Pamoja na matokeo hayo, walishauri Kiingereza kiendelee na kiimarishwe. Ukaja mradi wa kuimarisha, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 1987, na nguvu zake nyingi zilikwenda katika vitabu vya kusomea. Vitabu hivyo mimi mwenyewe nilivipenda. Lakini tazameni jinsi historia inavyojirudia: tumepewa tena dawa ya Bengal. Mtoto aliyeshindwa kufuata sauti ya mwalimu alipewa kitabu.

Kwa nini kusikiliza huachwa kila mara? Jibu langu ni fupi. Dola huona kile kinachoweza kusahihishwa kwenye karatasi. Kizazi changu na vizazi vilivyofuata tumefanya mtihani wa taifa wa Kiingereza wa kidato cha nne kwa maandishi matupu. Kenya imejaribu kuzipa stadi za mazungumzo nafasi, na katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya mtihani wa mwisho wa sekondari alama 30 kati ya 60 zimetengwa kwa ajili yake. Lakini stadi hizo hupimwa kwa kalamu, chumba kikiwa kimya. Mtahiniwa anaweza kuulizwa, kwa mfano, angefanya nini kuonesha kuwa anasikiliza kwa makini, naye akaandika kuwa angemtazama msemaji machoni na kutikisa kichwa. Atapewa alama zake zote bila kusikia sauti yoyote. Nikifikiri juu ya swali la namna hiyo humkumbuka mwenzangu wa dawati. Yeye angelijibu vizuri kabisa, maana kutikisa kichwa ndiko kulikokuwa kusikiliza kwake.

Hata pale panapokuwa na zoezi la kusikiliza, mara nyingi ni imla, au mwalimu anasoma kifungu na kuuliza maswali matano. John Field, mtaalamu wa Kiingereza wa somo hili, amekosoa desturi hiyo tangu miaka ya 1990. Anasema kuwa jibu sahihi halituambii mwanafunzi amelipataje, na jibu la kosa halituambii aliteleza wapi. Tunapima, tunatoa alama, kisha tunaondoka bila kufundisha kitu. Mwalimu wa kusikiliza anapaswa kufanya kama fundi wa redio: anafungua mfuniko na kutafuta waya uliokatika. Je, mwanafunzi hakulijua neno, au alilijua lakini hakulitambua lilipotamkwa? Je, alisikia maneno yote ila hakuona yanavyounganika? Kila kosa lina tiba yake, na tiba nyingi hazihitaji umeme.

Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnaweza kuuliza, haya yanatuhusu nini? Yanawahusu, kwa sababu wale watoto walikua, wakaajiriwa. Nimekaa katika warsha ambamo mshauri kutoka nje alizungumza kwa saa nzima juu ya masharti ya mradi, na alipouliza kama kuna swali, hakuna mkono ulioinuka. Wakati wa chai, watu waliulizana kwa Kiswahili alikuwa amesema nini. Kiitikio cha kidato cha kwanza kilikuwa kimevaa suti. Nanyi wanaharakati, mfikirieni mwananchi ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, anayesomewa maelezo ya fidia ya ardhi mara moja, haraka haraka, kisha anaulizwa kama ameelewa na kuoneshwa mahali pa kuweka dole gumba. Yeye naye ataitikia. Tangu utotoni amefunzwa kuwa jibu la swali hilo ni moja.

Mjadala wa lugha ya kufundishia utaendelea, na msimamo wangu wasomaji wa kawaida wa ukurasa huu mnaujua: mtoto afundishwe kwa lugha anayoielewa. Lakini lugha yoyote itakayoshinda, kwa mtoto fulani mahali fulani itakuwa lugha ya pili, iwe Kiingereza kwa mtoto wa Dar es Salaam au Kiswahili kwa mtoto aliyekulia katika Kimaasai au Kisukuma. Wote wana haki ya kufundishwa kusikia. Kinachotakiwa si kikubwa. Mwalimu anayetarajali asomee kusikiliza kama anavyosomea kuandika. Mtihani wa taifa uwe na sehemu, hata ndogo, inayosikika. Na swali la “Mmeelewa?” lifutwe katika madarasa yetu na katika ofisi zetu, mahali pake tuweke ombi jepesi: “Hebu nieleze nilichosema.”

Mimi nimeanza. Kila mhadhara wangu sasa una dakika tano ambamo nanyamaza, na wanafunzi wanaelezana wawili wawili walichosikia, kwa lugha yoyote wanayoitaka, kisha mmoja ananirudishia. Wiki za mwanzo ilikuwa aibu, kwangu zaidi kuliko kwao, kwa kuwa niligundua kiasi gani cha maneno yangu kilikuwa kikianguka sakafuni. Wiki ya sita binti mmoja wa safu ya nyuma aliinua mkono katikati ya mhadhara, bila kusubiri niulize, akasema: “Mwalimu, sentensi ya mwisho sikuisikia. Naomba uirudie.” Ukumbi ulicheka. Niliirudia, polepole, na nikaona wengi wa waliocheka wakiiandika.

Kiswahili kina neno la kukubaliana na kuishi kwa amani: kusikilizana. Waliolitunga neno hilo walijua kuwa hakuna maelewano pale ambapo upande mmoja unasema na mwingine unaitikia tu.